Miaka 50 ya Duduville, Ikitazamwa kutoka Kingerikiti

Togwa haina siri kwa mama wa Kingerikiti. Ulezi unalowekwa, unafunikwa mahali penye unyevu mpaka uote, unaanikwa, unasagwa; hicho ndicho kimea. Uji mzito wa mahindi ukishapoa kidogo, kimea kinatiwa, na haupiti muda mrefu mwiko uliokuwa umesimama wima unaanza kulala. Uji umelegea na umekuwa mtamu, na hakuna aliyetia sukari. Sekondari wanafundishwa jina la mfanyakazi huyo asiyeonekana: kimeng'enya. Kazi yake ni kukata minyororo mirefu ya wanga mpaka iwe sukari. Ukitia kimea uji ungali unatokota, umekipoteza bure, kwa kuwa joto kali huharibu umbo la kimeng'enya. Mama anayajua yote hayo kwa kidole, bila maabara.

Tumeanzia jikoni makusudi. Mwaka 2020 Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ekolojia ya Wadudu, kinachojulikana zaidi kwa jina fupi la ICIPE, kilitimiza miaka 50 jijini Nairobi. Pongezi za mabalozi na wafadhili ni za kusomwa majukwaani. Hizi zetu zinatoka milimani, juu ya Ziwa Nyasa, ambako jina la ICIPE halisikiki sana kijiweni ingawa funza wa mabua ya mahindi anatajwa kila msimu. Na katika mengi ambayo kituo hicho kimeyafanya, sisi tunataka kulisema moja tu: namna kilivyowatoa wakemia kwenye chupa zao na kuwafundisha kunusa shamba.

Mwanzilishi wake, Thomas Odhiambo, alizaliwa Mombasa mwaka 1931, akasoma Maseno, Makerere na baadaye Cambridge, ambako alichunguza jinsi homoni zinavyomkomaza nzige wa jangwani. Aliporudi nyumbani alikuwa na hoja ambayo wakati ule wengi waliiona kama ndoto: wadudu wa Afrika wachunguzwe Afrika, na Waafrika, kwa kiwango kile kile cha Cambridge. Mwaka 1967 alitoa makala katika jarida la Science kuhusu sayansi na maendeleo ya Afrika Mashariki. Karibu na wakati huo mkemia Carl Djerassi alikuwa akipigania vituo vya sayansi vya hali ya juu vijengwe katika nchi maskini, si kwamba vijana wao wachukuliwe ughaibuni wasirudi. Hoja mbili zikakutana, na Aprili 1970 ICIPE ikaanza kazi Chiromo, Nairobi. Baadaye ikahamia makao yake ya Kasarani, yanayoitwa Duduville. Jina hilo tunalipenda. Wanasayansi wangeweza kujipa jina la Kilatini, wakachagua dudu.

Huyo Djerassi tusimpite haraka. Mwaka 1951, akiwa Mexico, aliongoza kazi iliyozaa mojawapo ya homoni za mwanzo za kidonge cha uzazi wa mpango. Miaka 17 baadaye alikuwa mkuu wa kampuni ya Zoecon, iliyouliza swali hilo hilo kwa mdudu: je, homoni inaweza kumpangia uzazi? Mdudu mchanga ana homoni inayomzuia asikue kabla ya wakati, na siku zake zikitimia, vimeng'enya vyake vinaivunja homoni hiyo ili awe mkubwa. Ukimpa kitu kinachofanana na homoni hiyo lakini kisichovunjika upesi, anabaki mtoto mpaka afe. Kwa njia hiyo viluwiluwi vya mbu vinashindwa kuwa mbu. Mtu aliyeanza na tumbo la binadamu akaishia kwenye dimbwi la mbu, na hakubadili kemia yake hata kidogo. Alibadili tu yule anayemuuliza swali.

Ili msomaji aone uzito wa mabadiliko hayo, ni lazima kwanza tuifungue chupa ya dawa ya wadudu, ile ya dukani ambayo mara nyingi hupimwa kwa kifuniko cha soda. Nyingi za dawa hizo, hasa za kundi la ogano-fosifeti, ni kemia ya vimeng'enya kwa maana mbaya. Neva ikishatuma ujumbe wake kwenye msuli, kuna kimeng'enya kinachofagia mabaki ya ujumbe huo ili msuli upumzike. Dawa inakishika kimeng'enya hicho na kukifunga. Ujumbe haufutiki, msuli haupumziki, mdudu anatetemeka na kufa. Mjerumani Gerhard Schrader alikuwa akitafuta dawa za wadudu wa aina hii mwaka 1936 alipojikuta ametengeneza Tabun, sumu ya vita. Si ajali. Kimeng'enya cha mdudu na cha mtu anayebeba bomba la mgongoni ni ndugu wa damu, ndiyo maana mpulizaji anayerudi nyumbani akitokwa mate na machozi, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama kichwa cha sindano, anapaswa kukimbizwa hospitali, si kupewa maziwa na kuambiwa alale.

Sumu hizo zilikuwa ushindi wa wakemia wa vimeng'enya. Walijua wapi pa kupiga, wakapiga. Lililobaki, na ndilo ICIPE ililibeba kwa miaka 50, ni kumsikiliza mdudu kabla ya kumpiga.

Sasa tuje kwa mkemia wa kimea. John Pickett ni Mwingereza, na tuseme mapema kwamba hakuwa mwajiriwa wa ICIPE bali mshirika wake. Kati ya 1972 na 1976 alifanya kazi katika taasisi ya utafiti wa utengenezaji wa bia, akichunguza kemia ya hopsi na kimea. Ni shayiri badala ya ulezi, lakini kimea ni kimea, na bia bila vimeng'enya ni maji ya nafaka. Mwaka 1976 akahamia Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo kilichoanzishwa 1843, na huko pua yake iliyozoea harufu za kiwanda cha pombe ikageukia harufu ambazo wadudu na mimea hutumiana. Rothamsted ilikuwa na deni la zamani kwa Afrika Mashariki. Pareto, ua jeupe linalolimwa kwenye nyanda za juu za Kenya na za kusini mwa Tanzania, ndilo lililotoa umbo ambalo wakemia wake waliliiga kutengeneza pamethrini, dawa iliyokuja kutiwa kwenye vyandarua. Na hata pareto yenyewe huuzwa ikiwa imechanganywa na kitu kingine, kwa sababu mdudu ana vimeng'enya vyake vya kuivunja sumu. Hicho kingine kinavishughulisha vimeng'enya hivyo wakati pareto inafanya kazi yake.

Lakini kuanzia 1993 Pickett na wenzake waliungana na ICIPE kwa jambo lisilohitaji chupa wala bomba. Mtaalamu wa wadudu Zeyaur Khan, akiwa kituo cha Mbita kando ya Ziwa Victoria, alijaribu mamia ya nyasi na mimea ya kienyeji, akitazama nondo wa funza wa mabua anataga wapi na wapi anakwepa. Nondo, ilionekana, anapenda mabingobingo kuliko mahindi. Anataga huko kwa wingi, lakini viwavi wakitoboa shina wanakutana na utomvu unaonata na wengi wao hufa. Mabingobingo yakapandwa kuzunguka shamba, yamvute. Katikati ya mistari ya mahindi ikawekwa mimea ambayo harufu yake inamchukiza, imsukume. Wakulima wakauita mfumo huo Vuta-Sukuma, na hatujui jina la kitaalamu lililo bora kuliko hilo.

Kilichomsisimua mkemia kilikuwa ndani ya harufu. Mwaka 1997 watafiti hao walieleza katika jarida la Nature kwamba majani fulani yaliyopandwa kati ya mahindi yanatoa, bila kuguswa na mdudu yeyote, harufu ile ile ambayo mahindi huitoa yakishatafunwa. Ni kilio cha kuomba msaada kinachotolewa kabla ya kuumizwa. Nondo akikisikia anaona shamba limeshajaa wenziwe na anapita. Nyigu mdogo anayetaga mayai yake ndani ya viwavi akikisikia anakuja mbio. Harufu moja, wageni wawili, mmoja anafukuzwa na mwingine anakaribishwa. Hakuna bomba la mgongoni linaloweza kufanya hivyo.

Kisha bahati ikaingia, kama inavyoingia katika kila utafiti wa kweli. Mmea mwingine uliochaguliwa kwa kusukuma, desmodiamu, ulikutwa unafanya kazi ambayo haukuajiriwa kuifanya: mahindi yaliyopandwa pamoja nao hayakuwa na kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi. Mizizi yake hutoa kemikali zinazoziamsha mbegu za kiduha na nyingine zinazozuia kiduha kisishike mzizi wa mahindi. Mbegu inaota, haina pa kunyonya, inakufa, na akiba ya mbegu udongoni inapungua mwaka hadi mwaka. Wakulima waliokubali Vuta-Sukuma upande wa Ziwa Victoria wengi wao waliipokea kwa ajili ya kiduha kwanza, funza baadaye. Na viwavijeshi vamizi kutoka Amerika walipoingia Afrika mwaka 2016 na kufika kwetu mwaka uliofuata, vipimo vilivyochapishwa 2018 kutoka Kenya, Uganda na Tanzania vilionyesha idadi ya viwavi kwa kila mmea imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 katika mashamba ya Vuta-Sukuma. Hakuna aliyeubuni mfumo huo kwa ajili ya mdudu huyo.

Mengine tunayataja tukipita. Koji Nakanishi wa Columbia, mmoja wa wanasayansi wageni waliokuwa wakiongoza utafiti wa ICIPE kwa vipindi, na mwenzake Isao Kubo walitoa kwenye gome la muthiga, mti wa dawa wa Kenya, kitu kinachomfanya kiwavijeshi akatae kula. Hicho nacho, kwa mtindo wa ajabu, ni kikali mdomoni mwa binadamu kama pilipili. Mitego ya mbung'o ya Nguruman, Kenya, ilitiliwa chambo cha mkojo wa ng'ombe. Na walipogundua kwamba mbung'o hamsumbui kuro, watafiti waliikusanya harufu ya kuro, wakaiiga, wakawavisha ng'ombe kola zenye harufu hiyo. Ng'ombe anayejifanya kuro: sayansi ina ucheshi wake.

Jubilei, hata hivyo, iliingiliwa na mgeni. Mwishoni mwa Desemba 2019 nzige wa jangwani walivuka mpaka na kuingia Kenya, kundi ambalo nchi hiyo haikuwahi kuliona kwa takriban miaka 70. Mdudu yule yule ambaye Odhiambo alimchunguza Cambridge alikuja kuhudhuria sherehe ya nyumba aliyoijenga. Na hapa pongezi zetu zinapungua kidogo. Tangu miaka ya 1990 wakemia wa ICIPE, Ahmed Hassanali na Baldwyn Torto wakiwa miongoni mwao, wamekuwa wakizisoma harufu ambazo nzige hutumia kukusanyika, na katika kituo cha Port Sudan ilionekana kwamba harufu ya madume wakubwa ikipulizwa kwa kipimo kidogo juu ya tunutu, umoja wao unavunjika: wanatawanyika, wanachanganyikiwa, wanaliwa na ndege. Ugunduzi mzuri. Lakini ndege zilizoruka Kenya mwaka 2020 zilibeba zaidi sumu zile za zamani, zikiwemo zile za kufunga kimeng'enya cha neva. Miaka zaidi ya 20 kati ya maabara na ndege ni mingi mno, na hata kama lawama si ya kituo peke yake, kwani serikali zetu hununua dawa nzige wakishatua na husahau wakishaondoka, nyumba yenye miaka 50 inapaswa kujua namna ya kulisukuma jambo mpaka litoke mlangoni.

Inawezekana, na ushahidi uko hapa hapa nchini Tanzania. Mwaka 2009 Shirika la Chakula na Kilimo lilisaidia kupulizia kuvu anayeua nzige peke yake juu ya nzige wekundu wa Iku-Katavi, bonde la Ziwa Rukwa na Malagarasi, takriban hekta 10,000. Tembo na viboko walikuwa wakila majani katika tambarare hizo hizo.

Turudi Kingerikiti. Tungependa kuomba Vuta-Sukuma iletwe milimani kesho asubuhi, lakini hatutaomba hivyo, maana jembe la Kimatengo lina akili yake. Kwa zaidi ya miaka 100 milima hii imelimwa kwa ngoro. Majani yanafyekwa na kulazwa kama nyavu juu ya mteremko, udongo unachimbwa kutoka katikati na kuyafunika, yanabaki mashimo yanayokamata mvua na matuta yaliyojaa mboji. Maharage hupandwa Machi, mahindi hufuata, kisha ngoro zinachimbwa upya pale ambapo zamani palikuwa tuta. Desmodiamu ni mmea wa kudumu. Unataka kukaa mahali pamoja miaka kadhaa bila kuguswa. Ngoro inageuza udongo wote. Ama desmodiamu ihamishiwe kwenye kingo, ama mzunguko wa ngoro ubadilike, au pengine hakuna kati ya hayo linalofaa. Hilo ni swali la utafiti, si la semina ya siku moja yenye soda na posho. Kuna jingine: nguvu ya Vuta-Sukuma kiuchumi iko kwenye malisho, mabingobingo na desmodiamu vinavyoliwa na ng'ombe wa maziwa. Nyumba nyingi za milimani zina nguruwe na mbuzi. Mbuzi atakula desmodiamu kwa furaha, lakini hesabu ya maziwa haitakuwa ile ya upande wa Ziwa Victoria.

Kwenye kahawa pia tuna adui zetu, chulebuni na kutu ya majani, ruhuka anayetoboa buni, na kimatira anayenyonya matunda. Kwa magonjwa tuna Taasisi ya Utafiti wa Kahawa na kituo chake cha Ugano, hapo Mbinga, na miche chotara inayostahimili imepunguza sana mzigo wa dawa. Ruhuka na kimatira bado wanatafutiwa bomba.

Lakini hazina ambayo mlima huu unayo tayari ni utupa. Kila mtoto wa pande za ziwa anaujua. Majani yakipondwa na kutiwa kwenye kidimbwi, samaki wanaelea. Uvuvi huo umekatazwa, na ni haki ukatazwe. Yakikaushwa na kusagwa, unga wake huwekwa kwenye maharage ya akiba dhidi ya fukusi. Yakilowekwa kwa maji ya sabuni, hupulizwa juu ya vidukari. Kinachofanya kazi ni rotenoni na ndugu zake, na tazama inapokwenda: inakaa kwenye kimeng'enya cha kwanza katika mnyororo ambao seli hutumia kupata nguvu kutokana na hewa. Mdudu anapumua, hewa anaipata, na bado seli zake zinakosa pumzi. Yaani mkemia aliyehama vimeng'enya na kwenda kutafuta dawa za asili anavikuta vimemtangulia, vimeketi ndani ya jani la bibi.

Kwa hiyo anayesema dawa ya asili haina madhara anatudanganya. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani waliwapa panya rotenoni kwa muda mrefu na panya wakapata dalili zinazofanana na ugonjwa wa Parkinson. Utupa uvaliwe glavu kama dawa nyingine yoyote, na usioshwe mtoni.

Lipo jambo la pili, na hili ndilo linalotufanya tuandike. Mwaka 2012 Philip Stevenson, Steven Belmain na wenzao, wakichunguza utupa wa wakulima wa Malawi, ng'ambo ya ziwa letu, walionyesha kwamba kuna utupa wa aina mbili. Jani ni lile lile, ua ni lile lile. Mmoja una rotenoni, mwingine hauna. Wakulima waliokuwa wakipanda ule wa pili walikuwa wakiponda, wakiloweka na kupulizia maji ya majani. Fikiria ugomvi unaoweza kutokea: jirani anasema utupa unaua vidukari, wewe umepuliza wako mara tatu na vidukari wanazidi kunenepa. Wote wawili mnasema kweli. Miaka mitatu baadaye Prisila Mkenda, Patrick Ndakidemi wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha na wenzao walichapisha majaribio ya maharage kaskazini mwa Tanzania: dawa za majani, utupa na alizeti pori zikiwemo, zilitoa mavuno yanayolingana na ya dawa ya dukani, na buibui na wadudu wanaokula vidukari walibaki wengi zaidi shambani. Kazi hizi hazikufanywa na ICIPE. Lakini zimefuata njia ambayo ICIPE iliifyeka, ya mkemia kumuuliza mkulima anatumia nini, kisha kupima kwa nini.

Hatuombi jengo wala bango la mradi. Utupa wa Kingerikiti, wa Tingi na wa Liparamba ni wa aina gani? Majani makavu hayana uzito: bahasha moja kwa kila kitongoji, jina la shamba likiandikwa juu, yakusanywe na bwana shamba na kupelekwa Mbinga, kutoka hapo yaende Songea na kwenye maabara yoyote yenye mashine ya kutenganisha kemikali, iwe Nairobi, Arusha au Morogoro. Mashine ikishawashwa, jibu halichukui siku nyingi. Tunachoomba ni kwamba lirudi kwa Kiswahili, na lirudi kabla ya Machi, wakati maharage hayajaingia kwenye ngoro.